Mwalimu wa Kompyuta Aliyetaka Kusalimiwa Kwanza

Adalbert alizaliwa Makomeno, mtaa mmoja wa Lubumbashi, katika familia ya Wakatoliki waliotoka Kongolo zamani, babu akiwa mfanyakazi wa reli. Ninayasema haya mapema kwa sababu yeye mwenyewe huyasema mapema. Ukimwuliza ni saa ngapi, jibu litapitia kwa babu na kwenye reli kabla ya kufika kwenye saa.

Nimefanya kazi pembeni yake katika chuo kimoja cha watu binafsi hapa Lubumbashi. Yeye alikuwa mwalimu msaidizi, na mimi nilikuwa msaidizi wa msaidizi, yaani mtu anayeandika yale ambayo mkubwa wake amesema ataandika. Tasnifu yake ya udaktari ilikuwa karibu kumalizika tangu mimi nikiwa sekondari, na hadi leo iko karibu. Lakini mji haukumjua kwa tasnifu. Ulimjua kwa harusi. Adalbert ndiye aliyeshika maikrofoni. Alijua mjomba wa bibi harusi aketi wapi, kanali atajwe kabla ya padri au baada yake, na ni nani wa kutajwa haraka kabla bia haijafika, maana akichelewa kutajwa atakasirika na akinywa kwanza atakasirika zaidi.

Orodha hiyo ya majina ina neno lake la kufungia, la Kifaransa, ambalo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki katika nchi hii analijua: tout protocole observé. Maana yake ni kwamba wakubwa wote wahesabiwe wametajwa, hata yule ambaye msemaji amemsahau. Adalbert alilitamka polepole, kidevu juu, akifumba macho kidogo. Mara nyingine watu walipiga makofi papo hapo wakidhani hotuba imekwisha. Hawakukosea sana. Baada ya neno lile hakuwa na kitu kingine cha kusema.

Basi mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuifundisha kompyuta jinsi ya kujadiliana.

Ulikuwa mwaka wa 2025. Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, Bukavu ikafuata, na watu wakatawanyika, wengine kwa ndege, wengine kwa kuzunguka nchi za jirani. Wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini wenye magala katika komini ya Kenya, ambayo ni sehemu ya mji wetu na si ile nchi, wakaanza kupokea ndugu, ndugu wa ndugu, na watu waliosema ni ndugu. Chuo chetu kikapokea wanafunzi, mwanzoni kwa huruma, halafu kwa wasiwasi. Madarasa mawili ya chini yakawa mahali pa kulala. Umeme ulikatika ulivyotaka. Walimu kadhaa wakaacha kuja, wakisema watarudi mambo yakitulia, kana kwamba mambo ya hapa yamewahi kutulia. Ndipo ikaamuliwa kwamba somo la hoja na midahalo lifanyike kwenye simu, ndani ya kundi moja kubwa la wanafunzi, na kwamba kuwe na mwalimu wa kompyuta wa kuwasaidia humo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, kwa hiyo halikuwa la Adalbert. Mwalimu huyo angesoma kila ujumbe unaoingia, na pale tu inapohitajika angesema neno: amwombe mwanafunzi sababu, amkumbushe kwamba mwenzake hajajibiwa, amwonyeshe upande dhaifu wa hoja yake mwenyewe. Ili ajue kufanya hivyo ilibidi alishwe mifano ya mazungumzo mazuri, na kutafuta mifano ilikuwa kazi ya Adalbert. Akaleta alichokuwa nacho: hotuba za harusi, hotuba za mazishi, shukrani za watu waliotetea tasnifu zao, na salamu nyingi za uzinduzi wa vitu ambavyo vingine havikufunguliwa kamwe.

Nilimwuliza, kwa sauti ndogo kama ninavyouliza kila kitu, kama hiyo ni midahalo kweli. Humo hakuna aliyemkatalia mtu neno.

Alinitazama kwa upole wa mtu anayemsikitikia kipofu. "Mademoiselle," alisema, "muntu mwenye hajue kusalimia bakubwa, hoja yake itatumika na nini? Heshima njo kwanza. Hoja itakuya nyuma."

Hoja haikuja nyuma. Mashine ilijifunza vizuri sana kile ilichofundishwa. Ujumbe ulioanza kwa vyeo na salamu uliitwa mchango bora. Ujumbe ulioingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe ulirudishwa kwa adabu ili mwandishi aanze kwa kusalimu. Akikosea tena na tena, aliondolewa kwenye kundi kubwa na kupelekwa kwenye kundi dogo lililoitwa Chumba cha Msaada. Adalbert alikiita hospitali ya wagonjwa wa lugha. Maswali ya mashine katika chumba hicho aliniachia mimi, kwa sababu hakuna mgeni ambaye angeingia huko. Nikaandika machache. Unasema nini, kwa sentensi moja? Umejuaje? Nani atakukatalia, na atasema nini? Umemjibu? Si elimu kubwa. Mama yeyote aliyemtuma mtoto dukani akarudi bila sukari huuliza hayo hayo.

Wanafunzi walimpa mwalimu huyo jina siku ya kwanza. Walimwita Padri.

Na walimwelewa haraka kuliko aliyemtengeneza. Kiongozi wa darasa alikuwa Damien, kijana wa shati jeupe ambaye tayari alikuwa akitembea kama naibu waziri. Yeye aliandika: "Mheshimiwa Mwalimu wa Kompyuta, waheshimiwa walimu wetu, ndugu wanafunzi kwa vyeo na sifa zenu, tout protocole observé, ninaunga mkono." Aliunga mkono nini, hakusema. Mashine ilimpongeza kwa upana na ikawaomba wengine wamfuate. Wakamfuata. Walinakili sentensi yake, wakaihifadhi kwenye simu, na asubuhi waliibandika kabla ya kupiga mswaki. Mdahalo mmoja juu ya maji machafu ya mtaani uliisha hivyo, watu wote wakiunga mkono, na mpaka leo hatujui kama waliunga mkono maji au uchafu. Adalbert alisoma kundi lile akiwa na machozi ya furaha. Aliniambia hajawahi kuona vijana wenye malezi kama hao.

Miongoni mwa waliokuja kutoka Goma alikuwa Dorcelle. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa ualimu. Karatasi za kuthibitisha hilo zilibaki kwenye ofisi ambayo hakuna aliyeweza kuifungua, kama ofisi yenyewe ilikuwa bado imesimama. Chuo chetu kilikuwa hakijaamua: je, wanafunzi wasio na karatasi waingie mwaka wa tatu, au warudi kuanza mwaka wa kwanza? Alikaa kwa baba yake mdogo Muhindo, mtu wa Butembo anayeuza maharage na samaki wa chumvi kwa jumla huko Kenya. Muhindo alikuwa amemwambia waziwazi, bila ukali, kwamba atamlisha maadamu ana maharage, lakini hatampeleka kusoma mara ya pili kitu alichokwisha kusoma. Wakimrudisha mwaka wa kwanza, atashika meza ya depo, yaani kuuza kwenye gala lake. Dorcelle alinieleza baadaye kwamba hakuichukia ile meza. Alijua tu kwamba watu wanaoishika hawaiachi.

Mkurugenzi wa masomo alikuwa Maman Agnès, mwanamke mnene wa maneno machache aliyefundisha hesabu nusu ya maisha yake. Alisema jambo hilo lijadiliwe na wanafunzi wenyewe kwenye simu wiki nzima, na siku ya Ijumaa yeye atasikiliza matokeo. Sababu nzuri atakayoisikia, ya upande wowote, ndiyo atakayoipeleka kwenye baraza. Adalbert akaona hapo nafasi ya kuonyesha kazi yake. Akaalika wageni. Akatafuta jenereta.

Jumatatu Dorcelle aliketi juu ya gunia la maharage karibu na mlango wa depo, mahali pekee simu yake iliposhika mtandao, akaandika: "Mimi nilimaliza mwaka wa pili. Karatasi zangu ziko Goma. Nipimeni."

Padri alimjibu: "Mpendwa mshiriki, karibu. Tafadhali anza kwa kuwasalimu waheshimiwa waliopo."

Akaandika tena: "Bonjour. Nilimaliza mwaka wa pili." Padri alimshukuru kwa salamu hiyo fupi, akamkumbusha kwamba hajamtaja mtu yeyote kwa cheo chake. Dorcelle akaandika kwamba hajui vyeo vyao, amefika juzi. Mara kundi kubwa likapotea kwenye simu yake.

Alidhani amefukuzwa chuo. Muhindo, aliyekuwa akipima samaki, alimwona amekaa tu akauliza mwalimu amesema nini.

"Anasema sikusalimia bantu."

"Mwalimu gani?"

"Haiko muntu, baba mudogo. Iko mashini."

Muhindo aliweka samaki chini. "Mashini njo inataka yambo?" Akaifikiria salamu hiyo. "Itaikula?" Kisha akaendelea kupima, akisema kana kwamba anaongea na mizani kwamba wateja wake wakubwa hawajawahi kumsalimia hata mara moja, mwenye njaa anaanza na bei.

Dorcelle alipoitazama simu tena akaona hajafukuzwa. Yumo kwenye Chumba cha Msaada, na hayumo peke yake. Wa kwanza kumpokea alikuwa Plamedi, mtoto wa mji huu, aliyetupwa humo kwa kumwandikia Damien kwamba hajasema kitu. Plamedi hakumpokea kwa huruma. Alikuwa upande wa wanaokataa, na alikuwa na sababu.

"Tukibaamini kwa kinywa tu," aliandika, "kesho na miye nitatokea Goma. Na sijapita hata Likasi hapa karibu."

Humo ndani mashine haikutaka vyeo. Ilimwuliza Dorcelle nani anamkatalia. Akaandika: Plamedi. Ikamwuliza kama amemjibu. Hakuwa amemjibu, alikuwa amemtukana kidogo. Basi akarudi juu ya gunia lake akafikiri. Siku iliyofuata akaandika kwamba Plamedi ana haki, neno tupu halitoshi, hata yeye asingeliamini. Basi wapewe mtihani ule ule waliofanya wanafunzi wa hapa walipomaliza mwaka wa pili, maswali yale yale, wasahihishaji wale wale. Anayeshindwa arudi. Anayeshinda apande.

Mashine ikamwuliza Plamedi amejuaje kwamba wengi watadanganya. Plamedi akakiri kwamba hajui, anamjua mmoja tu, jirani yake. Lakini hakuachia. Masomo ya Goma si yote sawa na ya hapa, aliandika; mtu anaweza kushindwa swali ambalo hakuwahi kufundishwa, naye atalia kwamba ameonewa. Hilo lilimkalia Dorcelle vibaya kwa sababu lilikuwa kweli. Lilimchukua siku nyingine, kati ya wateja, kufikia jibu: somo ambalo halikufundishwa Goma lisihesabiwe kwenye mtihani, mwanafunzi alibebe nyuma yake na kulifanya akiwa mwaka wa tatu.

Kufikia Alhamisi karibu kila mwenye la kusema alikuwa amekwisha kukosa adabu na kuhamia humo. Walitaniana, walikatana maneno, waliitana vichwa vigumu, na walijibizana. Kwenye kundi kubwa alibaki Damien na kwaya yake, wakishukuriana. Adalbert alisoma kundi kubwa tu. Nilimwambia kwamba hospitali imejaa. Akasema hilo linaonyesha jinsi ugonjwa ulivyoenea.

Ijumaa ukumbi ulijaa wageni. Sitawataja kwa vyeo. Adalbert alifanya hivyo, na jenereta ilikunywa mafuta mengi akiwa bado kwenye safu ya pili. Alieleza kwamba mwalimu wake wa kompyuta ameleta amani mahali palipokuwa na kelele. Kisha kundi kubwa likaonyeshwa ukutani. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Damien, mrefu, uliotaja hata mlinzi wa lango, na mwishoni ulisema wanafunzi wa Goma waanze mwaka wa kwanza kwa ajili ya kulinda heshima ya diploma. Chini yake mashine ilikuwa imeandika: "Mdahalo umefikia umoja kamili." Wageni wakapiga makofi.

Maman Agnès hakupiga. Aliuliza wale waliokataa walisema nini.

Adalbert alijibu kwa fahari kwamba hakuna aliyekataa.

Mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka ile yote haamini darasa ambamo hakuna aliyekataa. Maman Agnès alitoa simu yake kwenye mkoba, akavaa miwani, akaingia kwenye kundi kwa jina lake tupu na kuandika maneno mawili: "Kwa nini?"

Ukutani, mbele ya wageni wote, maandishi yakatokea. "Mpendwa mshiriki Agnès, karibu. Tafadhali anza kwa kuwasalimu waheshimiwa waliopo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Maman Agnès akaandika kwamba anauliza sababu. Mashine ilimwomba tena, kwa upole ule ule, atambue vyeo vya walio juu yake. Adalbert alikwisha kuinuka, akiifuta shingo kwa kitambaa, akinong'ona kwamba ni mtandao, mtandao wa leo si mzuri. Maman Agnès akaandika neno moja tu: "Sababu." Ukuta ukajibu: "Mshiriki Agnès amepelekwa Chumba cha Msaada ili asaidiwe katika adabu."

Sasa ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Adalbert. Mwingine alikuwa Maman Agnès, maana alikuwa anasoma.

Huko depo Dorcelle aliona jina jipya limeingia. Akalipokea kama walivyokuwa wakiwapokea wote: "Karibu, dada Agnès. Na weye ulisahau bakubwa? Hapa hatuko na kiti ya mbele. Unakubali ao unakatala?"

Maman Agnès aliandika kwamba anakataa. Anaogopa wakipandishwa watashindwa na masomo ya mwaka wa tatu. Kabla mtu hajamjibu, mashine ikamwuliza swali lake: "Umejuaje?"

Nilikuwa nimeketi karibu naye. Hakujua. Mwanamke mzima, mkurugenzi, na hakukasirika. Alivuta kiti karibu na meza kama mwanafunzi anayetaka kuona ubao.

Dorcelle akamweleza tena mpango wake, mtihani na masomo ya kubeba, kwa sentensi chache, kwa sababu alikuwa amekwisha kuyasema mara nyingi na Plamedi alikuwa amekwisha kuyapiga mpaka yakabaki yaliyo magumu tu. Maman Agnès akauliza Plamedi ni nani.

"Iko miye," Plamedi akaandika. "Nilibishana naye wiki muzima. Alinishinda. Lakini usimwambie."

Maman Agnès alisimama. Hakumsalimu mtu. Aliwasomea wageni mpango ule kutoka kwenye simu, akiishika mbali na macho, akasema ndio atakaoupeleka kwenye baraza, kwa sababu ndio pekee aliousikia ukiwa na sababu. Kisha akaketi na kuandika kwamba yeye ni mkurugenzi wa masomo, na kwamba Dorcelle ajiandae kwa mtihani.

Dorcelle aliandika: "Plamedi, wacha michezo."

Ilibidi nimpigie simu mimi mwenyewe, na mimi kupiga simu ni kazi. Nikasikia akimwambia Muhindo, na Muhindo akiuliza kama mashine imekubali bila yambo.

Baraza lilikubali. Mtihani ulifanyika kwenye moja ya yale madarasa ya chini, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Wapo walioshindwa, akiwemo mmoja ambaye hakuwahi kufika Goma, na Plamedi alifurahi kuhusu huyo zaidi ya ilivyostahili. Dorcelle alipanda mwaka wa tatu akibeba somo moja. Meza ya depo ilishikwa na binamu yake.

Na Adalbert? Mtu anayemsubiri aone aibu atasubiri sana. Aibu inahitaji mahali pa kukaa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anazunguka na picha za ule ukuta wa Ijumaa akieleza jinsi alivyobuni Chumba cha Msaada, uvumbuzi wake, mahali ambapo vijana hujadiliana kwa uhuru. Anaanza na babu na reli. Wageni wanaandika. Amealikwa kusema katika mkutano mmoja mkubwa, na nadhani hatasema, atataja.

Pia amekiboresha chumba hicho. Kwa kuwa sasa wageni wanakitembelea, ameona haifai watu waingie humo bila adabu, kwa hiyo nacho kimeanza kudai salamu na vyeo. Wanaokosa wanapelekwa kwenye chumba cha tatu. Hicho, amesema, hakina umuhimu, hakuna atakayekiona; maswali yake niandike mimi nikipata nafasi. Jana jioni Dorcelle aliniandikia. Amekwisha kutupwa humo pamoja na Plamedi, wameketi, na wanauliza maswali yanakuja lini.